Amri ya Mwisho Kwenye Foleni

Mzaha wenyewe, ukiniuliza mimi, ulikuwa mzuri. Hicho ndicho kinachoniudhi. Ungekuwa mzaha wa kijinga ningepata wa kumtukana.

Bibi Kabula alifariki asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo mimi nikajifungua binti katika chumba cha pili. Wazee wakasema bibi amempisha kitukuu mlangoni, tukampa jina lake, Kabula. Maziwa yangu yakagoma kutoka, kwa msiba au kwa uchovu sijui, basi Nkwimba, jirani yetu anayefua vichujio vya hewa, akaja na mwanawe Masalu ubavu huu akamchukua na wangu ubavu ule. "Lete huyo," akasema, "mimi ninayo ya kumwaga." Alimnyonyesha siku zote za matanga, huku akisimulia habari za watu bila kupumua. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asije akasema nimelificha.

Sasa habari ya mtani. Sisi Wanyamwezi tuna utani na Wazaramo tangu mababu walipokuwa wakitembea juu ya ardhi, na jua lilipotusukuma kuja kuishi chini huku Igunguli, tuliacha mengi juu lakini utani tulishuka nao. Msiba bila mtani haujatimia. Mtani ndiye anayelala kwenye mkeka wa marehemu akikoroma, ndiye anayemsema marehemu uchoyo wake, ndiye anayekuchekesha wakati unaona haya kucheka.

Mtani wetu alikuwa Mzee Kondo Pazi. Aliingia amejifunga kanga ya bibi, miwani ya bibi puani, anachechemea kwa mkongojo wa bibi.

"Mimi ndiye Kabula," akasema. "Nimerudi kuuliza nani kamaliza chumvi yangu."

Watu wakaanza kucheka. Akaenda mpaka mbele ya mama yangu, Milembe, aliyekuwa amekaa ukutani tangu mamaye azikwe, hasemi, hali.

"Na wewe mbeba mizigo," akamwambia, "leo hapa mwenyeji ni mimi. Nakushusha. Kuanzia sasa wewe ni mgeni, na hupandi tena mpaka nipikiwe wali nishibe."

Akatoa kishikwambi chake, akaandika, akabonyeza mbele ya watu wote. Hilo nalo lilikuwa la desturi. Mama na Mzee Kondo ndio waliokuwa walezi wawili wa Mhimili, ile mashine inayotupa hewa, maji na milango, na kila mlezi mmoja akifiwa, mwenzake humshusha kwa utani ili asishike kazi na machozi machoni. Matanga yakiondolewa, humpandisha tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Mhimili uwashwe, na haijawahi kuleta neno.

Kisichokuwa cha desturi ni kwamba mfiwa ajibu. Lakini Mama alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na sisi tuliokuwa tunamhofia tulifurahi mno kuisikia ile sauti. Akachomoa kishikwambi chake chini ya mkeka.

"Na mimi nakushusha, Mzaramo," akasema. "Tukakae wote wawili kizingitini, tuone nani atampikia mwenzake."

Akabonyeza. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nyuzi nilizoshonwa zikaniuma, na Nkwimba akanikanya kwamba nitajichana.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tunausema kila siku huo msemo, tena tunausema tukicheka.

*

Asubuhi iliyofuata Mzee Kondo alibisha hodi. Hakuwa na kanga wala miwani ya mtu. Mama alikuwa anapepeta mchele wa kujikomboa kwa mtani.

"Mama Mbuke," akamwambia, kwa jina langu mimi, "jana ulibonyeza kweli, au ulikuwa unanitania?"

"Nilibonyeza. Kwani vipi? Si ulikuwa umeshanishusha? Amri ya mgeni si inakataliwa?"

"Mlango wa ukumbi umenikataa," akasema Mzee Kondo. "Nimeweka kiganja mara ya kwanza, mara ya pili. Umeniambia karibu mgeni."

Mama akauweka ungo chini taratibu. Nikamwona midomo ikienda bila sauti, anahesabu hatua za mashine kichwani, na nikajua amefika mwisho wa hesabu pale aliposukuma ungo mbali.

Nieleze, maana jambo lenyewe ni dogo na ndilo lililotumaliza. Mhimili hautekelezi amri hapo hapo. Ukiuletea amri, unaangalia ngazi yako wakati ule unaoileta: mgeni, mkazi, mtumishi, au mlezi. Ukiridhika, unaiweka kwenye foleni. Alfajiri, pampu zinapopumzika, ndipo unazitekeleza zote kwa mpigo, wala haurudi nyuma kuuliza kama aliyeitoa bado ana ngazi yake. Mzee Kondo alipobonyeza alikuwa mlezi. Mama alipobonyeza naye alikuwa bado mlezi, kwa sababu ile amri ya kumshusha ilikuwa haijatoka foleni. Mhimili ukaona zote halali. Alfajiri ukamshusha huyu, ukamshusha na yule.

Mama analijua hilo kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Lakini alikuwa amefiwa na mama yake, na ndiyo maana waliotutangulia walisema mfiwa asishike kazi.

"Basi nani kabaki mlezi?" nikauliza, mtoto mikononi.

Wazee wazima wawili wanatazama mchele.

*

Wakanituma mimi. Mimi ni mtumishi, karani wa foleni, na katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyeweza kufunguliwa mlango wa chumba cha kazi. Nilijikongoja pembeni ya ukuta na mtoto wangu, wao wawili nyuma yangu, kidonda bado kibichi. Tulipofika, mlango ukanitambua, kisha ukakataa kufunguka. Nilisahau kwamba nimebeba mgeni. Kila mtoto wa Igunguli huzaliwa mgeni, na hubaki mgeni mpaka mlezi ampandishe awe mkazi. Nikampa Mama mtoto, mlango ukafunguka.

Basi mimi ndani, wao nje, tukazungumza kupitia dirisha la karani. Wageni watatu wamesimama kwenye korido: mama yangu, mtani wetu na binti yangu.

"Soma safu ya walezi," Mama akasema.

"Tupu."

"Soma tena."

"Mama, ni tupu. Tupu haisomwi mara mbili. Niambie mlango wa nyuma uko wapi, niingie nikupandishe."

"Haupo."

"Kila mashine ina mlango wa nyuma."

"Ulikuwepo," akasema Mama. "Waliojenga Mhimili walikuwa wanawakimbia watu waliojipandisha wenyewe mpaka wakawa wafalme, wakauza hewa kwa majirani zao. Kwa hiyo waliweka sharti moja. Kujishusha mtu anaweza, kumshusha mwenzake mlezi anaweza, lakini kupanda lazima upandishwe na mlezi. Mlango wa nyuma waliujua, wakauziba kwa makusudi, wakapiga na ngoma siku hiyo. Bibi yako alikuwepo, alikuwa msichana."

"Alinisimulia," akasema Mzee Kondo. "Alisema walicheza mpaka wakachoka."

Aliegemea ukuta. Halafu akajaribu kutabasamu, maskini, akasema, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Nikamwambia akae kimya. Sijawahi kumwambia mzee yeyote hivyo maishani mwangu, naye akakaa kimya kweli.

Mgeni Igunguli anapewa hewa ya miezi miwili. Miezi hiyo ikiisha Mhimili haumkamati wala haumsukumi. Unachofanya ni kufunga hewa ya chumba chochote alichomo, mpaka atoke. Ukimficha chumbani kwako mnakufa wote. Ukisema mtoto mchanga anavuta hewa ndogo, hauelewi. Hauhesabu mapafu, unahesabu miili. Kuna mlango mmoja tu ambao kwa mgeni aliyepitisha muda huwa wazi daima, nao ni ule wa kwenda juu, kwenye jua.

Kwa hiyo ilikuwa Mama, na Mzee Kondo. Na Kabula wangu. Na baada yake kila mtoto atakayezaliwa Igunguli kuanzia siku hiyo, mpaka wanawake waache kuzaa, na sisi tuliobaki tuzeeke tukitazamana. Mji ulikuwa umeshakufa. Ulikuwa bado unatembea tu.

"Foleni," akasema Mama, sauti imepungua. "Angalia kama kuna amri yoyote tuliyoitoa kabla ya jana."

Nilikuwa nimeshaiona. Niliiona kabla hata hajauliza, na nilikuwa nimesimama mbele yake kama mtu anayeficha mzigo kwa kanga.

"Ipo moja," nikasema. "Ya kupandisha. Mtoto, Masalu. Mama, Nkwimba."

Amri ya mtoto hukaa foleni mpaka arobaini yake itimie. Mama aliitoa Masalu alipozaliwa, akiwa mlezi kamili, na ilikuwa ikomae alfajiri inayofuata. Ya Kabula haikuwepo. Nilipojifungua, Mama aliniambia, "Tungoje tuondoe matanga, mwanangu, mambo ya heri yasichanganywe na msiba." Nikamwambia sawa, Mama. Tulikuwa na adabu sana.

Mzee Kondo ndiye aliyelitamka.

"Mjukuu wangu, karani si anaruhusiwa kusahihisha jina?"

"Anaruhusiwa. Mara moja." Wazazi wa hapa hubadili majina ya watoto wao mpaka siku ya arobaini, ndiyo maana ruhusa hiyo ipo. Jina la mtoto na jina la mama tu, ngazi haiguswi.

"Kondo," akasema Mama.

"Mimi nimeuliza tu."

"Mama," nikasema, "niambie nifanye nini."

Alikuwa amemkumbatia Kabula chini ya kidevu, anamyumbisha yumbisha.

"Jana ningekukataza," akasema, "na ungetii. Leo mimi ni mgeni, Mbuke. Mgeni hamwamrishi mwenyeji."

"Hapo unakwepa."

"Nakwepa, ndiyo. Nimeua mji mzima kwa kidole kimoja, unataka nikuchagulie na hilo?"

Nilimchukia. Nilimpenda pia, palepale. Ningekuwa na nguvu ningeupiga ule mlango mateke.

"Ila nisikilize," akasema. "Mimi natoka, liwe liwalo. Huyu akiwa ni wa kutoka, atatoka mgongoni kwangu. Wewe usimbebe, na usije mlangoni. Utabaki, utazaa..." Akanyamaza, kwa sababu alikumbuka kwamba kuzaa hakuna maana tena.

*

Nikarudi kwenye kioo cha mashine. Nilijaribu kwanza njia ya haki, na mtu asiniambie sikujaribu. Nilifungua sehemu ya jina nikaandika Masalu na Kabula, mapacha. Mhimili ukajibu: mwili mmoja. Nikaandika majina yote mawili yakiwa yameunganishwa kama la mtoto mmoja. Ukakubali jina, kisha ukauliza ni la mwili upi, wa kitanda cha nani. Nikafuta. Nikajaribu kuandika kwamba mama ni mmoja, kwani si kweli wamenyonya ziwa moja? Mwili mmoja, ukasema tena. Haukuwa na hasira wala huruma. Nilitamani ungekuwa na hasira.

Nilikaa pale nikamfikiria Nkwimba. Kifua chake kibovu kwa vumbi la vichujio. Jinsi anavyomwimbia Masalu nyimbo za kutunga, za kijinga, za kumtukana baba yake aliyemkimbia. Jinsi alivyopokea mtoto wangu bila kuambiwa asante. Halafu nikamfikiria Kabula, na kumbe Kabula sikuwa na cha kumfikiria. Alikuwa na siku chache tu, hana wimbo, hana tabia. Ana harufu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa nimeujua wiki hiyo hiyo.

Nikaandika Kabula. Kwenye mama nikaandika Mbuke. Mhimili ukauliza kama nina hakika, kwamba masahihisho ni mara moja na hayarudishwi. Nikathibitisha.

Ndipo nikasikia kikohozi kwenye korido.

"Hodi huko," akasema Nkwimba.

Alisimama dirishani na watoto wote wawili. Masalu kamfunga kifuani, na Kabula alikuwa ameshamchukua kwa Mama akampa ziwa, anamnyonyesha kwa kusimama. Mama na Mzee Kondo walikuwa nyuma yake.

"Nimemkuta analia njaa," akasema. "Nyie na mambo yenu makubwa mnamsahau mtoto. Shoga, nimesikia maneno huko kwenye vichujio. Wanasema hakuna mlezi. Wanasema kila mtu anajua ni kwa sababu gani, lakini mimi sikuja kwa hayo, mimi nilicheka kama wengine. Nimekuja kuuliza. Wa kwangu yumo?"

"Yumo nini?"

"Humo kwenye foleni. Mama Mbuke aliniambia alishamweka. Kesho ni arobaini yake. Nimekwisha mnyoa." Akamgeuza Masalu nione kichwa. Kilikuwa kinang'aa mafuta. "Nikasema niende kwa Mama Kabula, yeye karani, yeye ataniambia kweli."

Alikuwa anatazama kioo kilichokuwa mbele yangu, wazi kabisa, herufi kubwa. Lakini Nkwimba ni mkazi, na kwa macho ya mkazi kioo cha karani hubaki cheusi. Anayeona ni mtumishi au mlezi tu, na walezi hatukuwa nao tena.

"Nisomee basi," akasema. "Nilisikie jina lake kutoka humo ndani. Nikilisikia nitalala."

Nikatazama kioo. Mtoto, Kabula. Mama, Mbuke.

"Mtoto, Masalu," nikasoma. "Mama, Nkwimba."

Alifumba macho. "Rudia."

"Mtoto, Masalu. Mama, Nkwimba."

Akaguna kidogo, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, na machozi yakamtoka, akayapangusa kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. Kisha akanitazama mimi, na akaona haya kwa furaha yake.

"Na huyu wako, shoga?"

"Wangu tutaona."

"Basi usilie. Mimi nipo. Miezi yote hii sitamnyima, nakuahidi, akitoka atoke ameshiba." Akamhamishia Kabula ziwa la pili, lile alilomwekea Masalu, na Masalu akalia.

Nyuma yake Mama alikuwa ananitazama. Yeye naye haoni kioo tena, lakini mimi amenizaa, na uso wangu hausomwi kwa ngazi. Alinitazama mpaka nikashusha macho. Mzee Kondo akatazama kwingine.

Mama akasogea. "Nkwimba, mwanangu, umelemewa," akasema kwa upole. "Nipe huyo mmoja nikubebee."

"Utamuweza, Mama? Huyu mzito."

"Nitamuweza."

Akampokea Masalu, akainama, akamweka mgongoni. Akafungua kanga yake ya msiba, akamfunga nayo, akakaza fundo, halafu akalikaza tena, na Masalu akanyamaza.